Shindano za Wachina: katika mwili na katika sikio



Wote tunajua jambo lililotokea katika dortwari ya wavulana mbele ya egzame za katikati ya mwaka. Mwenzetu mumoja aliumwa kichwa siku tatu. Rafiki yake alikuwa amesikia kwamba Wachina wanaponya kichwa kwa kutoboa sikio. Basi akatwaa shindano ya kushonea, akaichoma na moto wa kiberiti, akamutoboa juu ya sikio, pale penye mufupa laini. Ile usiku kichwa kikatulia kweli. Nyuma ya siku tatu sikio likavimba na kuwa jekundu kama tomati, na infirmie wetu alitumika juma mbili kuliponya. Prefe akasema hakuna mwanafunzi atakayetoboa mwenzake tena, na maneno yakaishia pale.

Lakini hayakuishia kweli, sababu toka siku ile tunabishana. Wengine wanasema ni uchawi wa Wachina. Wengine wanasema ni siyansi kubwa, kosa ilikuwa shindano chafu tu. Mwandishi mukubwa wa gazeti letu akaniambia: "Wewe uko wa biyolojia-kemia, na ulimusindikiza mama yako mudogo kwa munganga wa shindano wakati wa likizo. Andika." Ninaandika basi. Nitaanza na yale niliyoyaona na macho yangu.

Mama mudogo anaumwa mugongo, chini kabisa, pale mutu anapofungia kitenge. Ni maumivu ya miaka, yanashuka mupaka katika muguu wa kuume. Lopitali walimupiga foto, wakaona hakuna kilichovunjika, wakamupa vidonge. Vidonge vilisaidia kidogo, kisha tumbo likaanza kumuchoma. Mutu mumoja akamuonyesha nyumba ya munganga, mutu wa hapa kwetu, aliyejifunza kazi ya shindano. Tulienda mara sita.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba munganga hakugusa mugongo kwa muda mrefu. Aliuliza maulizo: Unalala namna gani? Unakula? Choo? Maumivu yanazidi asubui ao magaribi? Kukiwa baridi ao kukiwa joto? Akaomba aone ulimi. Akaweka vidole vitatu katika kiwiko cha mukono wa kushoto, kisha wa kuume, akasikiliza mupigo wa damu kama mutu anayesikiliza redio iliyo mbali. Akasema: "Sisi hatutazami mugongo tu, tunatazama mutu muzima." Nafikiri ndiyo maana ya maneno tunayoyasoma mara nyingi sasa, afya ya mutu muzima.

Kisha akafungua karatasi ndogo zilizofungwa vizuri, kila moja na shindano yake. Hazikuwa kama ile ya lopitali yenye shimo ndani. Ile ya lopitali inapitisha dawa; hizi hazina shimo, wala hazina dawa yoyote. Ni nyembamba sana, robo ya milimetre tu, karibu kama nywele nene. Akaweka mbili katika mugongo, moja kila upande wa uti, na mbili nyuma ya magoti. Nikauliza juu ya nini nyuma ya magoti, kwani mugonjwa analia mugongo. Akajibu kwamba njia moja inatoka kichwani, inapita mugongoni, inashuka nyuma ya muguu mupaka kidole kidogo, na fasi ile nyuma ya goti iko juu ya njia ile. Mama mudogo alisema haikuuma kama shindano ya lopitali. Alisikia uzito, kama muguu uliolala. Wachina wanatafuta uzito ule. Bila uzito wanasema shindano haijafika.

Halafu akatwaa shindano fupi zaidi, akaweka mbili katika sikio la kuume. Dakika 25 akamuacha alale. Mwishoni akazitoa zote, akazitupa ndani ya sanduku la zile zilizokwisha kutumika, na katika sikio akabandika mbegu ndogo nyeusi na esparadra, kila moja ndogo kama kichwa cha epingle. "Uzifinye mara tatu ine kwa siku," akasema, "nyuma ya siku tano uzitoe."

Sasa tuulize: sababu gani mwili na sikio pamoja? Mutu akitazama mukono wa munganga tu, anafikiri ni kazi moja. Kumbe ni mbili, na hazikuzaliwa katika inchi moja.

Shindano za mwili ni za Wachina kweli, na ni za zamani. Katika mwaka 1973 Wachina walichimba kaburi moja katika Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 mbele ya Kristo, wakakuta maandiko juu ya hariri. Maandiko yale yanataja njia kumi na moja katika mwili, lakini hayataji shindano. Yanataja kuchoma majani juu ya ngozi. Shindano zinaonekana wazi katika kitabu kingine kinachoitwa Huangdi Neijing, chenye miaka karibu 2,000, na pale njia kubwa ni kumi na mbili. Wanasema ndani ya njia hizi munapita nguvu ya uzima, nao wanaiita "chi". Ikipita vizuri, mutu ni muzima. Ikizuiwa fasi moja, ugonjwa unaanza. Hivi leo hesabu iliyokubaliwa ni fasi 361 za kutoboa katika mwili.

Na fasi hizi zinapimwa namna gani, kwa kuwa mimi ni murefu na wewe ni mufupi? Hapa Wachina walikuwa na akili: kipimo ni kidole cha mugonjwa mwenyewe. Upana wa kidole gumba chake ni kipimo kimoja, vidole vine pamoja ni vipimo vitatu. Mujaribu sasa hivi. Ukae, weka vidole vine chini ya kifuniko cha goti, kisha sogea upana wa kidole kimoja upande wa inje wa mufupa mukubwa wa muguu. Finya kwa nguvu. Unasikia maumivu ya uzito? Ndiyo Zusanli, fasi wanayotumia juu ya tumbo na uchovu. Kwa kipimo hiki mutoto na baba yake, kila mutu anapimwa na mukono wake.

Ramani ya sikio ni habari nyingine. Vitabu vya zamani vya China vilisema kwamba njia nyingi zinakutana katika sikio, na waliligusa mara mara. Lakini karte nzima ya mwili ndani ya sikio ilitoka Ufaransa! Karibu mwaka 1950 na kitu, munganga mumoja wa Lyon, Paul Nogier, aliona jambo la ajabu: wagonjwa wengine walikuja kwake na kovu ndogo ya moto katika sikio, wote fasi moja. Akauliza. Wakamujibu kwamba katika Marseille kuko mwanamuke, si munganga wa lopitali, anayechoma pale juu ya maumivu yanayotoka mugongoni na kushuka muguuni. Na maumivu yaliondoka.

Angalia ginsi mutu wa siyansi anavyofanya. Nogier hakucheka, wala hakuamini bure. Alijaribu mwenyewe kwa wagonjwa wake, kwanza na moto, kisha na shindano. Akafikiri: kama fasi hii inalingana na mwisho wa uti wa mugongo, basi ile mistari iliyoinuka ndani ya sikio ni uti wenyewe, lakini umepinduliwa. Akaendelea kutafuta, akachora sikio kama mutoto aliye tumboni mwa mama, kichwa chini, miguu juu. Katika ncha laini ya chini, pale dada zetu wanapovaa herini, kuko kichwa na uso. Katika shimo la katikati kuko tumbo, maini, mapafu na moyo. Juu kuko mikono na miguu. Alionyesha kazi yake Marseille mwaka 1956, ikapigwa chapa Ujerumani mwaka 1957, na kufika 1958 Wachina walikuwa wameisoma na wakaanza kuijaribu kwao. Baadaye kila mumoja aliongeza fasi zake, hata karte ya Ufaransa na ya China hazikupatana, na mwaka 1990 shirika la afya la dunia lilikusanya watu katika Lyon wapatanishe majina.

Basi wale wanaobishana katika dortwari kwamba sikio ni "siri ya Wachina ya miaka elfu" wamekosa. Ni mwanamuke wa Marseille na munganga wa Lyon, kisha Wachina.

Kuunganisha kazi hizi mbili kuko sababu ya kutumika kila siku. Shindano za mwili zinaenda ndani zaidi, zinafikia nyama iliyokazana pale inapouma, lakini nyuma ya nusu saa zinatoka na mugonjwa anarudi kwake, barabara ni mbaya, na atarudi nyuma ya juma moja. Sikio ni dogo na linapatikana upesi: mugonjwa havui nguo, anaweza kukaa tu juu ya kiti. Tena ile mbegu anatembea nayo. Mama mudogo alikuwa anafinya sikio lake sokoni akiuza unga. Munganga anasema mwili ni kulima na sikio ni kupalilia. Tena, akigusa sikio na mugonjwa akaruka kwa maumivu fasi moja tu, yeye anahesabu hiyo kama ushuhuda wa pili juu ya yale ulimi na mapigo yalisema. Hapa mimi naenda polepole, sababu sikio lolote likifinywa sana linauma.

Sasa, mwili wa mutu unasema nini? Mwalimu wetu wa biyolojia alinisaidia. Hakuna mutu aliyepasua maiti akaona njia za "chi". Lakini neva ziko. Neva ya kumi ya kichwa, inayoitwa vagi, inatoka ubongoni na kushuka kwa moyo, mapafu na tumbo. Tawi lake moja dogo linakuja katika sikio, katika lile shimo la katikati na ndani ya tundu. Umeisha kusafisha sikio na kijiti, kisha ukakohoa bila sababu? Ni tawi hilo: ubongo umedanganyika ukafikiri kitu kiko kooni. Si kila mutu anakohoa hivi, lakini wako. Kwa hiyo kusema kwamba sikio lina habari na tumbo si upumbafu. Kusema kwamba kila goti na kila kidole kiko na nukta yake kamili katika sikio, hilo ni neno lingine, na siyansi haijalithibitisha.

Juu ya shindano za mwili, katika miaka ya 1970 Han Jisheng wa Beijing na Pomeranz wa Toronto walionyesha kwa nyama wa kujaribia kwamba shindano zinaamsha dawa ya maumivu ambayo ubongo wenyewe unaitengeneza, endorfini. Ukimupa nyama dawa inayozuia endorfini, shindano nazo zinapoteza nguvu.

Hapa niseme juu ya habari moja ambayo watu wanaipotosha. Katika mwezi wa saba 1971 James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alikuwa Beijing, akashikwa na apendisiti, akapasuliwa. Watu wengi wanasimulia kwamba alipasuliwa na shindano tu, bila dawa ya usingizi. Si kweli. Walimupiga dawa ya ganzi ya kawaida. Shindano zilikuja nyuma, tumbo lilipojaa hewa na kuuma: tatu tu, katika kiwiko cha mukono wa kuume na chini ya magoti mawili, pamoja na moshi wa majani. Aliandika mwenyewe habari hiyo, na Wamarekani wengi wakaanza kuulizia shindano. Mwaka 1973, serikali ya China ikaanza kutuma ekipe za wanganga katika Zaire, na hivi ndivyo wazee wetu wengine walivyozijua hizi shindano.

Inaponya? Nitajibu na mufano mumoja ninaoupenda sana. Katika Ujerumani walitwaa watu 1,162 wenye kuumwa mugongo wa chini, kama mama mudogo. Wakawagawanya mafungu matatu kwa kura. Fungu la kwanza walipata shindano za Wachina sawasawa. La pili walitobolewa fasi zisizo fasi, juu juu, ovyo. La tatu walipata dawa za kawaida na mazoezi. Nyuma ya miezi sita, katika watu mia wa fungu la kwanza karibu 48 waliona nafuu. Fungu la tatu, 27 tu. Shindano zimeshinda! Lakini ngoja: fungu la pili, la kutobolewa ovyo, walikuwa 44. Hesabu hizi zilitoka mwaka 2007. Ziko za kufikirisha. Maana yake shindano zilisaidia watu hawa kuliko dawa, lakini fasi kamili haikuwa na uzito mukubwa. Labda ni kule kutobolewa kwenyewe, labda ni kulala dakika 30 kimya, labda ni mutu anayekuuliza unalala namna gani na kusikiliza jibu. Kwa maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, ya shingo na ya magoti, wengine waliohesabu wagonjwa wengi zaidi walikuta kitu karibu sawa na hicho: nafuu ni ya kweli, lakini tofauti na shindano ya uwongo ni ndogo.

Mwili na sikio vilishindanishwa pia. Katika New York, watu 360 waliopona kansere lakini maumivu yakabaki waligawanywa: wengine shindano za mwili zenye umeme kidogo, wengine shindano za sikio, wengine dawa za kawaida. Mwaka 2021 walitangaza: mwili na sikio, vyote viwili vilipunguza maumivu kuliko dawa za kawaida, mwili ulitangulia kidogo, na wale wa sikio wengi zaidi waliacha katikati sababu sikio lenyewe liliwauma.

Kuko na fasi sikio lilipoanguka. Mwaka 1972 katika Hong Kong munganga Wen alikuwa anatumia shindano na umeme juu ya maumivu, akaona mugonjwa wake aliyevuta afyuni hatamani tena. Kutoka pale lopitali moja ya Bronx, katika New York, ikatengeneza kazi ya fasi tano za sikio kwa watu waliofungwa na madawa ya kulevya, na ikaenea sana. Lakini ilipopimwa mwaka 2002 juu ya kokaine kwa watu 620, sikio la kweli na sikio la uwongo vilikuwa sawa, wala havikupita kutazama filme za kupumzisha roho. Ninaandika hii sababu katika mitaa ya kwetu kuko watu wanaouza shindano za sikio juu ya kila kitu: sukari, uzazi, pombe, hata kupita egzame.

Sasa turudi kwa sikio la mwenzetu. Mufupa laini wa sikio hauna mishipa ya damu ndani yake. Unakula kupitia ile ngozi nyembamba inayoufunika. Vijidudu vikiingia pale, askari wa damu wanakawia kufika, ngozi inaachana na mufupa, na mufupa unakufa kwa njaa. Ndiyo sababu sikio lile sasa limekunjamana kidogo juu na halitarudi. Moto wa kiberiti unaacha masizi juu ya shindano; hauisafishi. Tena shindano moja kwa watu wawili inaweza kupitisha ukimwi na ugonjwa wa maini. Munganga aliyejifunza anavunja karatasi mupya mbele ya macho yako. Hata yeye anaogopa kifua, kwa sababu shindano ikizidi pale inatoboa pafu. Na mwanamuke mwenye mimba lazima aseme mbele, kuko fasi ambazo hawazigusi.

Kuko hatari nyingine niliyoiona kubwa kuliko sikio. Kichwa kilichotulia ile usiku, siku ya ine kilirudi na homa. Infirmie alipima damu: malaria. Shindano haiui kijidudu cha malaria, katika mwili wala katika sikio. Ikituliza kichwa, inaficha malaria tu, na malaria iliyofichwa siku tatu inaweza kuua. Dawa aliyopewa mwenzetu, ajabu yake, nayo inatoka kwa Wachina: Tu Youyou alisoma katika kitabu cha miaka 1,600 namna ya kukamua majani fulani na maji, akatoa artemisinini mwaka 1972, akapata tuzo ya Nobel 2015.

Mama mudogo? Mara ya ine alianza kuinama bila kushika ukuta. Lakini toka mara ya pili munganga alimukataza kubeba gunia kichwani, na kaka yangu alikuwa anazibeba. Mutu akiniuliza ni mugongo, ni sikio, ni kaka, nitamujibu ni watatu.

Kwa wale watakaoniuliza tena katika refectoire ni nini wanaweza kufanya wenyewe, kuko moja isiyo na shindano. Geuza mukono, weka vidole vitatu juu ya musitari wa kiwiko cha kiganja. Nyuma ya vidole vile, katikati ya kamba mbili, ndiyo Neiguan. Imepimwa sana katika malopitali juu ya kichefuchefu nyuma ya kupasuliwa, na inasaidia kweli. Finya na kidole gumba dakika chache. Nilijaribu juu ya kamyo wakati wa kurudi masomo, katika ile mizunguko ya mulima tunayoijua wote, na sikutapika. Lakini siku ile nilikaa mbele, karibu na shofere.